Afisa Viuno na Pilau ya Wifi

Nchi ya Unono haimo kwenye ramani yoyote iliyochapishwa na watu makini, kwa hiyo msomaji asijisumbue kuitafuta, wala asichungulie dirishani kwake akidhani ameiona. Ilikuwa nchi ya watu wanaopenda kula. Serikali yao, kwa kuwajali, ilikuwa imezikusanya sikukuu zote, za dini na za dola, ikazipanga mwishoni mwa mwaka moja baada ya nyingine, ili wananchi wafurahi kwa mpigo na miezi iliyobaki wafanye kazi bila visingizio.

Mwaka ninaousimulia, msimu wa sikukuu ulipokuwa unakaribia, Mtukufu Rais alirudi kutoka nchi za nje alikokwenda kupimwa afya. Hospitali za Unono zilikuwa bora kabisa, kama alivyosema mwenyewe alipokuwa akizifungua, lakini alikuwa na adabu ya kuwaachia wananchi nafasi. Huko nje daktari mmoja asiyejua anazungumza na nani alimwambia waziwazi kwamba tumbo lake limeanza kumtangulia, na kwamba asipoacha nyama na wali, na asipoanza kukimbia, mwaka ujao hotuba ya sikukuu itasomwa na mtu mwingine.

Inasemekana Rais alipofika Ikulu alisimama dirishani akawaona wananchi wake wakitoka sokoni na mchele, vitunguu na kuku wanaopiga kelele, wakicheka. Roho ikamuuma. Kesho yake akalihutubia taifa.

"Ndugu wananchi," alisema, "mwili wa mwananchi ni mali ya taifa, na mimi ndiye mlinzi wa mali ya taifa. Kuanzia leo kila kitambi ni uvamizi wa mipaka."

Bunge liliketi siku hiyo hiyo na kupitisha sheria kwa kauli moja, ingawa waheshimiwa kadhaa walishindwa kusimama kupiga kura mpaka wasaidiwe. Kwa msimu wote wa sikukuu nchi ingeitwa Wembamba, na jina la Unono lingerudishwa baadaye likiwa limepungua. Alfajiri kila mtu atakimbia mchakamchaka. Mchana atakula boga la kuchemsha na mchicha usio na mafuta. Mwenye wageni atawakaribisha kwa tango. Na katika kila kata atateuliwa Afisa Viuno mmoja wa kuhakikisha kwamba shangwe haipiti koo.

* * *

Katika Kata ya Kisimani nafasi hiyo aliitaka Bi Siwema kabla tangazo halijamalizika kusomwa.

Siwema alikuwa karani wa mapokezi katika ofisi ya ardhi, mwanamke wa makamo, mnene wa kawaida, mcheshi sana siku ambazo wifi yake hayupo. Wifi huyo alikuwa Bahiya, dada wa mumewe, mjane aliyeshona nguo nyumbani kwake mtaa wa pili. Ugomvi baina yao haukuwahi kuwapo. Bahiya alimpenda wifi yake na alimwambia hivyo mara kwa mara, jambo lililozidisha maumivu. Siku ya harusi ya Siwema mwenyewe, wageni walimsifu bibi harusi kwa adabu, kisha wakageuka kuulizana yule dada wa bwana harusi ni nani. Tangu siku hiyo Siwema alikuwa na kitu kama kaa la moto kifuani, na kila Bahiya alipocheka kaa lile lilipulizwa.

Maana Bahiya alikula. Alikula wali wa nazi, alikula chapati, alikula maandazi yaliyobaki ili yasiharibike, na kiuno chake kikabaki vilevile kama kilivyokuwa ujanani. Siwema alipoonja kitumbua kimoja, kesho yake sketi ilijua. Na kana kwamba hayo hayakutosha, Bahiya alikuwa na mkono wa kupika. Pilau yake ilikuwa ikizungumzwa na watu waliohama mji huo zamani.

Siwema alikabidhiwa tepu ya kupimia, filimbi, na fulana yenye picha ya Rais, picha ambayo wachoraji walikuwa wameshaipunguza mwili kabla ya mwenyewe. Hakumwambia mtu, lakini mara ya kwanza alipoikunjua ile tepu alimfikiria Bahiya, na jinsi hatimaye serikali ilivyotunga sheria ambayo Bahiya hawezi kuifuata.

Yeye mwenyewe aliifuata kwa moyo wake wote. Alfajiri alikuwa wa kwanza barabarani, akipuliza filimbi na kuongoza wimbo wa mchakamchaka, nyuma yake kata nzima ikijikokota na kuitikia kwa sauti ya watu wanaozikwa. Mchana alikula boga. Jioni alikula boga lililobaki. Sikukuu ya kwanza ilipofika, majirani walipokuwa wakinung'unika juu ya matango yao, Siwema alikaa mezani na sahani yake ya mchicha, mgongo umenyooka, akatafuna kila jani kama mtu anayeapishwa. Kujinyima kwenyewe kulimpa raha fulani. Aliamini kwamba msimu utakapokaribia kwisha, watu wakipimwa hadharani na mshindi kupewa utepe wa Kiuno cha Taifa, utepe huo utakuwa wake, na Bahiya atakuwa amesimama pembeni akitazama.

Mwili wake, hata hivyo, ulikataa kabisa kushirikiana na serikali. Kila alipojizungushia tepu ilimwambia neno lilelile.

* * *

Wanawake wengine hunusa shati la mume wakitafuta manukato ya mwanamke mwenzao. Siwema alilinusa la Kombo mumewe akakuta iliki.

Alilinusa tena. Kulikuwa na mdalasini, na kwa mbali, pale kwenye kola, kitunguu kilichokaangwa mpaka kikawa rangi ya kahawia. Kombo alikuwa ameketi barazani akichokonoa meno, ilhali chakula chake cha mchana nyumbani kilikuwa uji usio na kitu cha kuchokonolewa.

"Baba Raya, umetoka wapi?" akamuuliza. Raya alikuwa binti yao aliyeolewa mbali.

"Kumjulia hali dada."

"Anaumwa?"

Kombo akafikiri. "Haumwi," akasema. "Ndiyo hali yenyewe niliyoijua."

Siwema alirudi ndani akakaa kitandani na shati mapajani. Angepata ahueni kama yangekuwa manukato. Mwanamke mwingine unaweza kumfuata kwake ukamwambia maneno yakakutoka. Sufuria utaiambia nini? Kombo, mume wake, aliyekuwa akimsifia boga kila siku na kusema limeiva vizuri, alikuwa akitoka hapo kwenda kushiba kwingine. Na kilichomchoma zaidi ni kwamba alipolinusa shati mara ya tatu hakuwa akitafuta ushahidi tena. Alikuwa ananusa tu.

Akaamua kutumia sheria. Kata ilikuwa na kamati ya ukaguzi ya wazee waaminifu, ikiongozwa na Bwana Ndekule, mtu mkavu aliyejulikana kwa kutocheka hata kwenye harusi. Siwema akawaeleza kwamba kuna nyumba mtaa wa pili inayotoa harufu iliyo kinyume cha sera, akawaagiza waende wakaikague.

Walikwenda mara moja. Walirudi wakitembea polepole, mikanda imelegezwa, na Bwana Ndekule alikuwa anatabasamu. Taarifa yao ilitolewa kwa lugha ya kisheria. Alisema ni kweli kabisa, walikuta ushahidi, tena mwingi, sinia zima. Lakini kwa mujibu wa kanuni, ushahidi unaoharibika haraka lazima uteketezwe papo hapo. Kamati ilikuwa imeuteketeza. Sasa kamati inaomba ruhusa ya kurudi kesho, kwa kuwa ina wasiwasi mkubwa kwamba ushahidi mwingine utapikwa.

Siwema alitaka kuuliza kama kulikuwa na viazi ndani yake. Alijizuia, lakini kwa shida.

* * *

Siku ya kupimwa, kata zote za mji zilikusanywa uwanjani. Mgeni rasmi alikuwa Mheshimiwa Gombera, Waziri wa Viuno na Sikukuu, mtu mkubwa aliyevalia suti ya michezo iliyoshonewa mtu mwingine. Alihutubia akiwa amekaa. Alisema serikali imefanikiwa, kwamba taifa zima limepungua kiasi cha kuonekana kutoka angani, na kwamba maadui wa nchi sasa wanatuonea kijicho kwa sababu hawana boga kama letu. Watu wakapiga makofi, wengine wakiwa wameshikilia matumbo yasitikisike.

Tepu ilipomfikia Bahiya, mpimaji aliizungusha, akaizungusha tena, kisha akatangaza kwa sauti kwamba hajaona kiuno kama hicho tangu aanze kazi. Uwanja ukalipuka. Bahiya alikuwa amekuja na gauni la maua alilolishona mwenyewe, na alicheka kama mtu aliyeshangazwa na zawadi ya siku ya kuzaliwa. Waziri akamsogezea kipaza sauti, akamwomba awaambie wananchi siri yake.

"Sina siri, Mheshimiwa," Bahiya akasema. "Nikiwa na njaa nakula, nikishiba naacha. Jioni wakija watu tunacheza ngoma."

Waziri akaugeukia umati na kuufafanulia kwamba mama huyu, kwa lugha nyepesi ya wananchi wa kawaida, amesema kwamba kila jioni hutafakari hotuba za Mtukufu Rais. Akamvisha utepe wa hariri ulioandikwa Kiuno cha Taifa.

Kisha akapimwa Siwema. Mpimaji alimnong'oneza Waziri kitu, na Waziri akatikisa kichwa kwa huzuni ya kazi. Alisema hakukusudia kumtaja mtu, lakini kuna Afisa Viuno mmoja, tena amesimama hapa mbele yetu na filimbi shingoni, ambaye tangu msimu uanze hajalipunguzia taifa hata sehemu ndogo. Alisema watu wa namna hiyo huhubiri boga mchana na kufunua masufuria usiku. Uwanja mzima ukamzomea Siwema. Kamati ya Bwana Ndekule ilimzomea. Kombo hakuzomea, ila alitazama viatu vyake.

Siwema alisimama pale na fulana ya Rais imembana. Alitaka kusema kwamba katika uwanja ule hakuna aliyekuwa na njaa kama yeye, kwamba ndiye peke yake aliyekula kila boga aliloagizwa, lakini kelele za kuzomea zilimfunika. Bahiya akaja mbio na utepe wake, akamshika mkono mbele ya watu wote, akawaambia waache, wifi yake si mwongo. Hapo ndipo machozi ya Siwema yalipotoka. Hata kutetewa, alitetewa na yuleyule.

* * *

Siku ya Mwaka Mpya, jua likiwa utosini, Siwema alivaa fulana yake na kwenda mwenyewe nyumbani kwa Bahiya. Hakupiga hodi, kwa kuwa alikuwa serikali.

Ua ulikuwa umejaa. Watu walikuwa wameketi mikekani wakizunguka masinia, na juu ya masinia kulikuwa na pilau yenye rangi ya udongo wa baada ya mvua, mvuke ukipanda kutoka kwenye vipande vya nyama ya mbuzi. Kulikuwa na kachumbari, kulikuwa na ndizi mbivu. Bwana Ndekule alikuwa hapo na kamati yote. Kombo alikuwa hapo, mdomo umejaa. Mpimaji wa uwanjani alikuwa hapo. Kwenye mkeka wa katikati alikaa Mheshimiwa Gombera bila suti ya michezo, na nyuma yake, bunduki zimeegemezwa ukutani, walikaa askari ambao Siwema alizitambua sare zao: walikuwa walinzi wa Ikulu. Bahiya alikuwa anaepua sufuria jikoni, na ule utepe wa hariri alikuwa ameutumia kushikia sufuria isimuunguze.

Waziri ndiye aliyekuwa wa kwanza kupata maneno. Alisema kwa utulivu kwamba wizara yake iko katika utafiti, na utafiti hauwezi kukatizwa ukiwa wa moto.

"Karibu wifi," Bahiya akasema kutoka jikoni, uso umemwangaza. "Kaa hapo, nakuletea chakula."

Siwema aliiangalia nafasi aliyoonyeshwa. Mate yalimjaa mdomoni mpaka akaogopa kufungua mdomo kujibu. Kama angekuwa ameitwa na mtu mwingine yeyote angekaa. Akageuka akatoka, na alipofika barabarani hakuelekea kwake. Alikwenda Ikulu kuwashtaki.

Njiani alikuwa akijiambia kwamba anafanya hivyo kwa ajili ya sheria. Alijiambia mara nyingi, kwa kuwa mwendo ulikuwa mrefu.

* * *

Langoni pa Ikulu hapakuwa na mtu. Kwenye ua wa kwanza magari yalikuwa yameegeshwa bila madereva, na kwenye mapokezi simu ilikuwa ikilia peke yake. Siwema alipita milango mitatu mirefu bila kuulizwa chochote, mpaka akatokea kwenye bustani ya nyuma.

Hapo akamkuta Mtukufu Rais anakimbia. Alikuwa peke yake, akizunguka kitalu cha maua, miguu mizito, fulana imelowa. Mezani kivulini kulikuwa na sahani ya boga la kuchemsha iliyofunikwa kwa leso. Alikuwa amepungua kweli. Ngozi ya shingo ilimning'inia kama nguo ya kuazima. Siwema, aliyezoea kumwona kwenye picha tu, aliona kwamba picha zilimpunguza mahali pasipostahili.

Rais alipomwona alisimama, na badala ya kuita walinzi alimuuliza kama amekuja kukimbia. Alisema amekuwa akikimbia mwenyewe siku nyingi, na wasaidizi wake wote wana ruhusa ya kwenda kukimbia na familia zao. Alisema jambo moja tu ndilo lililomvusha msimu huu. Kila alipolitazama boga na moyo ukakataa, alikumbuka kwamba nchi nzima iko mezani inatazama boga lilelile, naye akala.

Siwema alielewa kwamba katika Wembamba yote, kutoka mpaka hadi mpaka, walioishika sheria walikuwa wawili, na wote wawili walikuwa kwenye bustani hii. Akamweleza kila kitu: shati, kamati, utepe, ua wa Bahiya, Waziri, bunduki ukutani.

Rais alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akakaa kwenye ngazi.

"Nyama ya ng'ombe," akauliza, "au ya mbuzi?"

"Ya mbuzi, Mtukufu."

"Na viazi?"

"Na viazi."

Siwema alimtazama usoni akitarajia hasira ya dola, ile inayoporomosha mawaziri. Alichokiona alikijua vizuri kuliko mtu yeyote nchini, kwa kuwa alikuwa akikiona kila asubuhi kwenye kioo chake.

"Hawakunialika," Rais akasema.

* * *

Walikwenda kwa miguu, kwa kuwa madereva walikuwa hukohuko. Watu waliowaona njiani walidhani ni mazoezi, wakaficha midomo yao na kupunga mikono.

Rais alipoingia uani kwa Bahiya, mtu mmoja alidondosha mfupa na sauti yake ikasikika. Mheshimiwa Gombera alijaribu kusimama, akashindwa, akabaki amepiga magoti kama aliyekuwa amekusudia hivyo. Bahiya peke yake ndiye aliyeendelea na kazi. Hakuwa mtu wa itifaki. Aliona mzee aliyelowa jasho, aliyekonda, amesimama mlangoni kwake siku ya sikukuu. Akaja na birika la maji na beseni.

"Karibu baba," akamwambia. "Nawa mikono."

Rais akanawa. Akakaa mkekani, akakunja mguu kwa taabu, akatia mkono kwenye sinia. Tonge la kwanza alilitafuna macho yamefumbwa. Alipofumbua macho yalikuwa mekundu, na alisema kwa sauti ndogo kwamba daktari yule hana akili. Waziri akaanza kupiga makofi, na wote wakafuata, mikono ya mafuta ikitoa mlio mzito.

Mambo yalikwenda haraka baada ya hapo, kama yaendavyo Unono mkuu wa nchi akiwa ameshiba. Papo hapo Rais alimteua Bahiya kuwa Waziri wa Viuno na Sikukuu. Bahiya akasema ana magauni ya watu hajayamaliza. Rais akasema hayo ni mambo ya uzalendo, hayana gauni. Mheshimiwa Gombera akahamishiwa kwenye kumenya vitunguu, akashukuru kwa imani aliyoonyeshwa. Jina la nchi likarudishwa. Sheria ya boga ikafutwa, na sheria mpya ikasemwa kati ya tonge na tonge: kuanzia kesho mwananchi mzuri ni yule anayenenepa, na wembamba wowote utahesabiwa kuwa ni malalamiko dhidi ya serikali.

Siwema alikuwa amesimama karibu na ukuta wakati wote huo. Masinia yalizunguka, yakajazwa, yakazunguka tena. Hakuna aliyempa sahani, maana wote walijua kwamba Afisa Viuno hali. Rais alipoondoka alimpigapiga begani kwa shukrani, akamwambia atabaki kwenye nafasi yake, kwa sababu nchi inahitaji watu wanaofuata sheria yoyote ile. Siwema akaitikia kwamba ni heshima kubwa. Kisha akarudi nyumbani peke yake, akachemsha boga, akalitazama mpaka likapoa.

* * *

Katika miezi iliyofuata tepu ileile ilisomwa kwa kurudi nyuma. Siwema alizunguka nyumba kwa nyumba kuhakikisha watu wanaongezeka, na hawakuhitaji kusukumwa. Mchakamchaka ulifutwa, mahali pake pakawekwa usingizi wa lazima baada ya chakula. Kata ya Kisimani ilisifiwa redioni.

Ila Siwema alianza kupungua. Hakula vizuri; chakula kilimkaa kooni kila alipokumbuka uwanja ule na ukuta ule, na kazi ya kuzunguka ilimchosha. Mashavu yalishuka, sketi zikaanza kumzunguka. Siku moja alijifunga tepu akaona kiuno alichokiota tangu siku ya harusi yake. Kilikuwa chembamba kuliko cha Bahiya. Alikaa nacho kitandani, hana pa kukipeleka. Nje, mabango ya serikali yalikuwa yamebandikwa picha ya Waziri mpya, ambaye karamu za kiwizara zilikuwa zimemnenepesha mpaka mashavu yanang'aa, na wapita njia walisimama kumsifu. Hata unene ulimpendeza. Siwema akajikuta anaulilia unene wake mwenyewe wa zamani, ule ambao hakuna aliyewahi kuupigia makofi.

Alasiri moja gari la wizara lilisimama mlangoni. Dereva akabaki ndani amelala, kama sheria ilivyotaka. Bahiya aliingia bila walinzi, akahema, akavua viatu, akakaa sakafuni jikoni kama alivyokuwa akikaa siku zote.

"Wifi," akasema, "wananiambia hujaongezeka. Wanataka nikuchukulie hatua."

Siwema akamjibu kwamba achukue tu, hajali.

Bahiya alifungua kapu akatoa bakuli lililofunikwa sahani. Alisema pilau ile ameipika mwenyewe alfajiri, kabla watu wa itifaki hawajaamka, kwa sababu siku hizi hawamruhusu kushika mwiko. Kisha akasema jambo ambalo Siwema hakulijua. Siku ile ya Mwaka Mpya, alisema, alikuwa amempakulia wifi yake kabla ya mtu mwingine yeyote, sahani ameifunika na kuiweka pembeni ya jiko isipoe. Siwema aliporudi na Rais, watu walimzonga yeye Bahiya wakitaka kuongezwa, na alipopata nafasi ya kugeuka, Siwema hakuwapo.

"Nikaila mwenyewe jioni," Bahiya akasema. "Sikusikia ladha yake."

Siwema aliliangalia bakuli. Kwa miaka yote hiyo alikuwa amejipa tumaini moja dogo, kwamba pilau hiyo inasifiwa kupita kiasi, na kwamba siku atakapoionja kwa utulivu ataona ni wali kama wali mwingine. Akanawa mikono, akala tonge moja.

Ilikuwa tamu kuliko walivyosema wote. Ilikuwa tamu kuliko lile shati. Iliki ilikuja mwisho, polepole, na nyama iliachia mfupa bila kulazimishwa. Siwema akala na machozi yakamtiririka, na hakuweza kusema kama ni ya njaa au ya kijicho au ya kitu kingine, naye hakuacha kula ili ajue. Bahiya alikaa akimfukuzia nzi kwa upindo wa kanga. Bakuli lilipobaki jeupe, Siwema akajifuta uso, akauliza, kwa sauti ya mtu ambaye ameshapoteza vyote na hana tena cha kuficha, kama ukoko ulikuwapo.

Bahiya akatazama mlango. Akashusha sauti akasema kwamba ukoko hauruhusiwi. Kwa sheria mpya, ukoko wa sufuria zote nchini ni wa Ikulu; Mtukufu hupelekewa kila siku, na hugombana na wasaidizi wake wakiuvunja njiani. Waziri akikutwa nao atafungwa.

Kisha akafungua mkoba wake wa kiwizara, wenye nembo ya taifa, akatoa kitambaa kilichofungwa fundo, bado kinanukia iliki.

"Nimekuibia," akasema, akacheka kile kicheko chake.

Siwema akaupokea ukoko kwa mikono miwili. Akamtazama wifi yake aliyekaa sakafuni na uwaziri wake, mnene, mwenye furaha, mashavu yanang'aa kwa hatia, na akahisi kaa lile kifuani likipulizwa upya. Hata wizi ulimpendeza. Akauvunja ukoko vipande viwili, akampa Bahiya kile kidogo.